Besi Iliyowahi Siku Mbili

Ijumaa moja ya mwezi wa tano, saa kumi jioni, Asajile Mwakalobo alikuwa ameinamia redio ya mama muuza maziwa, akitafuta waya uliokatika, wakati gitaa la besi lililotundikwa ukutani lilipoanza kupiga wimbo wa kwanza wa ibada ya Jumapili jioni. Hakunyanyua kichwa. Katika ubeti wa pili alisikia kwamba amekosea, akasonya, akachukua penseli na kuandika kwenye ubao wa benchi: ubeti wa pili, kidole kimechelewa. Jumapili angekosea palepale, maana kosa lilikwisha kusikika, lakini Asajile alikuwa mtu wa kuandika mambo yake.

"Mwambie apunguze," mama muuza maziwa alisema kutoka mlangoni. "Maziwa yangu yanatikisika."

"Nimwambie nani?"

"Wewe wa Jumapili."

Karakana yake ilikuwa Bagamoyo, hii ya Tukuyu mjini isiyo na bahari, katikati ya duka la mbolea na chumba cha fundi cherehani. Besi aliitengeneza mwenyewe mwaka 1993, mwaka ambao maduka yalijaa redio kaseti kutoka Dubai na watu wakaacha kutengenezesha redio zao za zamani. Walisema ni soko huria. Kwa Asajile uhuru huo ulikuwa kukaa mchana kutwa akitazama mvua. Kwaya ya kanisa ilikuwa na magitaa mawili na haikuwa na besi, na mwalimu wa kwaya, Ezron, alikuwa ameona gitaa la besi jekundu la Kijapani katika duka moja la Mbeya, akalishika, akarudi na maneno matupu. Asajile alisema, besi ni mbao, nyuzi na sumaku, vyote tunavyo.

Kiwiliwili alikichonga kwa mparachichi uliokufa uani kwa dada yake, ingawa kila mtu alimwambia mparachichi haufai hata kwa mpini wa jembe. Shingo ilikuwa ya mkaratusi, laini kama kiko, bila vile vichuma vya kuonyesha pa kuweka kidole, kwa sababu hakuvipata. Nyuzi alizitoa kwenye breki za baiskeli, akazizungushia shaba ya mota iliyoungua. Besi za watu wengine zina nyuzi nne. Yeye aliweka wa tano, mnene, kebo ya mashine ya kukobolea kahawa, ambao sauti yake haikusikika masikioni bali tumboni.

Kosa lilitokea kwenye sumaku. Ilitakiwa izungushiwe waya mwembamba mara elfu nne, kwa mkono, bila kupumzika. Alipofika nusu akapita mzee wa jirani kumsalimia. Salamu ya Kinyakyusa hairuki mtu wala ng'ombe, na huwezi kuipokea huku mikono ina kazi. Kwa hiyo Asajile aliweka waya chini, akaulizwa habari za watoto, za migomba, za ndama, naye akauliza, na mzee alipokwenda zake Asajile akashika tena waya na kuuzungusha upande ambao sio. Nusu ya waya ikaenda mbele, nusu ikarudi nyuma. Hakujua mpaka baadaye, na alipojua alikuwa amekwisha kuuziba kwa lakiri.

Jumapili ya kwanza alisimama mbele ya waumini, akapiga, na besi haikutoa kitu. Ezron alimtazama kama mtu aliyeletewa chai bila sukari. Ibada ilipokwisha, fundi cherehani akasema nje ya kanisa, "Lakini tuliisikia juzi. Ilitoka karakana kwako, mlango umefungwa. Nyimbo zote tano, kwa mpangilio." Watu wakakubaliana kuwa basi, ndivyo ilivyo: besi hiyo husikika siku mbili kabla ya kupigwa. Ezron akahamishia mazoezi ya kwaya Ijumaa saa kumi, karakana kwa Asajile, ili waimbe pamoja na besi ikiwa inalia yenyewe ukutani. Jumapili waliimba bila besi, kwa mwendo waliouzoea Ijumaa, huku Asajile akichezesha vidole kimya. Kwaya ikawa nzuri kuliko zote wilayani.

Ni Asajile peke yake aliyekereka. Hakuwahi hata mara moja kupiga noti na kuisikia. Alifumua waya akazungusha upya, besi ikawahi siku mbili na nusu, ikaharibu mazoezi, akarudisha. Alibadilisha sumaku, sauti ikawa tamu zaidi na haikuchelewa hata dakika. Aliondoa uzi wa tano, kikabaki kimya cha uzi wa tano, nacho kikawahi siku mbili. Alichomoa umeme kwa wiki nzima. Nyimbo zikangoja ndani ya waya, na alipochomeka zikatoka zote kwa pamoja, mpaka ng'ombe wa duka la mbolea akakata kamba. Alikaa benchini na kichwa mikononi. Mtu anaweza kuvumilia kazi yake isipopendwa. Ya Asajile ilipendwa na kila mtu, ilivyoharibika hivyohivyo, na hilo lilimchoma.

Wanakwaya wa kanisa lile walikuwa na desturi moja. Kila mmoja alimwambia mwalimu mapema wimbo anaotaka aimbiwe kaburini, na mwalimu aliuandika katika daftari la jalada jekundu. Hapakuwa na nyimbo mbili zilizofanana. Basi Jumanne moja saa nane mchana besi ikapiga wimbo wa mzee Ambwene, mwimbaji wa sauti ya nne, ambaye saa hiyo alikuwa kwake Masukulu anapogoa migomba. Alhamisi saa nane walikuwa wanamzika. Asajile alipiga besi kando ya kaburi, amplifaya imeungwa kwenye betri ya pikapu, na haikutoa sauti, na waombolezaji wakasema ilitoka vizuri sana Jumanne.

Baada ya Ambwene walikuja wengine wawili, na kamati ya mazishi ikaelewa. Katibu wake alikuwa Meshaki, mwanakwaya, mwenye duka na mwenye pikapu hiyo, mtu mwema, mwenye kikohozi kidogo na mwandiko mzuri. Zamani msiba uliwakuta watu hawana kuni, mchele haupo, ndugu wa mbali wanafika kaburi limeshafukiwa. Sasa walikuwa na siku mbili kamili. Besi ikilia, Ezron anafungua daftari, anataja jina, na jioni ile kuni zinashushwa nyumbani kwa mhusika, maturubai yanafungwa, kinamama wanagawana masufuria. Mhusika mwenyewe mara nyingi huwa yupo, anaonyesha pa kuchimba jiko. Watu wa kata za jirani walikuja kujifunza.

Jumatatu ya mwezi wa saba, dada yake Asajile, Tupokigwe, alishikwa na tumbo akiwa shambani. Alikuwa mjane, mkubwa kwa Asajile kwa miaka sita, na ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufa. Alikuwa mwanakwaya, na ndiye aliyekuwa mkuu wa wapishi katika misiba yote. Walimlaza hospitali ya Makandana, na daktari kijana aliyeitwa Innocent, aliyehamishiwa Tukuyu kutoka Kagera na ambaye hakuacha koti kubwa hata mchana, akamgusa tumbo mara tatu na kusema utumbo umejisokota. Anahitaji mpasuaji, na mpasuaji yuko Mbeya. Asafiri amelala, asitikiswe. Akifika kabla ya Jumatano jioni, atapona.

"Gari la wagonjwa?" Asajile aliuliza.

"Limempeleka mama mjamzito Dar. Litarudi Ijumaa." Akampa barua yenye mhuri. "Mimi nimeandika. Lakini barua haina matairi, mzee."

Jumanne asubuhi Asajile alizunguka mji mzima na barua mkononi. Makondakta wa mabasi madogo waliitazama wakasema hawana nafasi ya mtu kulala. Saa nane alikuwa anapita karakana kwake kuchukua sweta, na besi ikaanza kulia. Ulikuwa wimbo aliouchagua dada yake, wa Kinyakyusa wa kuvuka mto, ambao besi yake hupanda ngazi tatu kisha hutulia chini kabisa, kwenye uzi wa tano. Ulipigwa bila kosa hata moja. Fundi cherehani alizima cherehani yake, akaja mlangoni na kuvua kofia.

"Ndaga, nkamu," alisema. "Pole sana, ndugu yangu. Nitaleta mkungu wa ndizi."

Kufika saa kumi kamati ilikuwa imekaa uani kwa Tupokigwe, karibu na kisiki cha mparachichi. Kuni zilikuwa zimeshashushwa. Asajile aliwasalimia wote, mmoja mmoja, kwa sababu hata siku hiyo hakuweza kuruka mtu, kisha akasema dada yake ni mzima, yupo Makandana, anapumua, na kwamba pikapu ya Meshaki ikiondoka sasa hivi itafika Mbeya kabla ya giza.

"Pikapu inakwenda Mbeya kesho asubuhi," Meshaki alisema. "Kufuata mchele, sanda na shangazi yenu."

"Inakwenda tupu?"

"Kwenda, ndiyo, tupu."

"Basi mbebe dada."

Meshaki alikohoa, akageuza ukurasa. "Nkamu, tufikiri kama watu wazima. Mafuta haya watu wamechangia msiba. Tukimpeleka, akafie Mbeya, tutamrudishaje? Hapa tulipo kila kitu kiko karibu. Kaburi liko hapa, kuni ziko hapa, na yeye mwenyewe yuko hapa."

"Hajafa!"

"Hatujasema amekufa," Ezron alisema kwa upole. "Tunasema wimbo umetoka."

Asajile aliwaambia kwamba watu hawa hawa, asubuhi ileile, hakuna hata mmoja aliyetoa lita moja ya mafuta alipopita milangoni mwao na barua. Sasa uani kuna mapipa mawili. Alisema kwa sauti kubwa, jambo ambalo si la kawaida yake. Wakamwacha amalize. Mwanamke mmoja akamletea kiti na kikombe cha chai, wakasema uchungu humfanya mtu aseme, na Meshaki akauliza kama mbuzi mmoja atatosha.

Alitafuta gari jingine. La mwalimu mkuu lilipangiwa kuwabeba wazee wa Masukulu siku ya Alhamisi na lilikuwa linapumzishwa. La duka la mbolea lilikuwa linaoshwa kwa ajili ya jeneza. Akataka vijana wanne wambebe mgonjwa kwenye machela mpaka njia panda, labda lori litapita. Vijana wote walikuwa wanachimba kaburi, na walikuwa wanalichimba vizuri.

Jua likiwa linazama alifika Makandana. Tupokigwe alikuwa ameegemea mto, uso umekuwa mdogo.

"Umetoka?" aliuliza.

"Umetoka, dada."

"Ulikosea mahali?"

"Hapana."

"Afadhali. Waambie mchele asipewe Prisca, huwa anauacha na maji. Na masufuria makubwa yako kwangu, chini ya kitanda." Maumivu yakampanda, akangoja yapite. Kisha akamshika Asajile kiganja kwa nguvu ambayo hakuitegemea. "Asajile mdogo wangu, mimi bado nataka kuishi. Kawaambie hivyo."

Akarudi uani, akawaambia. Meshaki aliandika katika daftari la kikao kwa mwandiko wake mzuri: Mhusika anaomba kuishi. Taarifa imepokelewa. Wakaendelea na suala la maturubai.

Jumatano saa mbili asubuhi pikapu iliondoka kwenda Mbeya. Asajile alisimama katikati ya barabara mbele yake. Meshaki alisimamisha, akashuka, akamsalimia, akamuuliza amelalaje, akamshika mkono taratibu na kumsogeza pembeni, akaondoka. Nyuma ya pikapu palikuwa na turubai moja lililokunjwa, na nafasi ya mtu kulala ilibaki.

Hapo Asajile akafikiri kama fundi. Besi hulia Jumanne kwa sababu yeye huipiga Alhamisi. Asipoipiga Alhamisi, basi Jumanne haikupigwa. Na kama haikupigwa, dada hafi. Alikwenda karakana, akaishusha besi ukutani, akachukua msumeno. Mparachichi ulikatika kwa urahisi, kama walivyosema. Alikata shingo mara tatu, akazikata nyuzi kwa koleo, akaipasua sumaku kwa nyundo, akavitia vipande vya mbao kwenye jiko na kukaa mpaka vilipokuwa majivu. Mikono yake ilinuka shaba. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu alikula, ndizi mbili za kuchoma, amesimama.

Tupokigwe alikufa saa kumi na mbili na nusu jioni. Daktari Innocent mwenyewe alimfunika uso, akatoka nje, akapiga teke ukuta, akarudi kuandika.

Alhamisi saa nane walizika. Mchele ulikuwa wa kutosha na haukuwa na maji, sanda ilikuwa nyeupe, na shangazi alifika kwa wakati. Magari yalikuwa kumi na moja. Asajile alisimama katika safu ya kwaya bila chombo chochote, mikono chini, akiwa ameapa moyoni kwamba hatapiga. Ezron akainua mkono, wakaanza wimbo wa kuvuka mto. Walipofika ubeti wa pili Asajile aliona watu wanamtazama tumboni. Akatazama. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umepanda kwenye kifua cha koti, vidole vinakwenda ngazi tatu juu kisha vinashuka chini kabisa, na wa kulia ulikuwa unapiga kwenye kifungo cha mwisho. Aliukamata mmoja kwa mwingine, na yote miwili ikaendelea. Vidole vilipiga mpaka mwisho bila kosa hata moja.

"Ulitoka vizuri sana Jumanne," shangazi alimwambia baadaye.

Wiki ya tatu Meshaki na Ezron walikuja karakana. Walileta mkungu wa ndizi, sumaku kubwa ya spika, na bunda la waya mpya wa shaba ambao sasa ulipatikana dukani kama sukari. Walimpa pole tena, na walikuwa wanaimaanisha. Meshaki alikuwa amekonda na kikohozi chake kimeshuka kifuani.

"Kamati imekaa," alisema. "Tunaomba utengeneze nyingine. Ila siku mbili hazitoshi. Watu wa Dar wanafika wamechoka. Hivi haiwezekani siku saba?"

Asajile alisogeza bunda la waya pembeni. "Siku saba za kufanya nini, katibu?"

"Za kujiandaa."

Alitaka kuwafukuza. Aliona kabisa ndizi zikirushwa kwa mkono wake. Lakini usiku ule hakulala, na alichokuwa anahesabu ni hatua. Kwa siku saba mtu anaweza kumbeba mgonjwa mgongoni mpaka Mbeya, akipumzika kila kona. Kwa siku saba hata barua inaweza kuota matairi. Asubuhi alikata mti, mruwati safari hii, mgumu, na akaanza kuzungusha waya. Alizungusha mbele kidogo na nyuma sana. Watu walipopita kumsalimia aliweka waya chini na kuwajibu wote.

Besi mpya ilikamilika mwezi wa tisa, nyuzi sita, ikatundikwa kwenye msumari uleule. Alhamisi iliyofuata, saa nane mchana, ikalia. Asajile alisikiliza mpaka mwisho, akafunga karakana, akaenda kwa Ezron, wakafungua daftari jekundu. Kisha akakimbia mpaka dukani kwa Meshaki.

Meshaki alikuwa amekwisha kusikia. Alikuwa amekaa nyuma ya mzani, leso mdomoni, anaandika orodha.

"Ni wako," Asajile alisema.

"Najua. Niliuchagua mwenyewe."

"Una siku saba. Gari ni lako. Funguo hizo hapo kiunoni. Daktari anasema hicho kifua kinatibika, ni dawa tu, ziko Mbeya. Twende sasa hivi, nitakaa na wewe mbele."

Meshaki alitoa leso, akaitazama, akaikunja. Alikuwa mtu mwema, na alitaka Asajile aelewe bila kukwazika.

"Nkamu," alisema, "watu wameshachanga."

Ijumaa asubuhi aliwasha pikapu mwenyewe, akaenda Mbeya kufuata mchele. Geti la hospitali alilipita mara mbili, wakati wa kwenda na wakati wa kurudi, na wakati wa kurudi alipunguza mwendo kwa sababu ya mzigo.